Karatasi za Karanga

Mama alikuwa mwalimu wa stashahada huko Mbinga, na usiku alikuwa mwanafunzi. Mwaka 1998 alijiunga na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992. Mimi sikuelewa hicho ni chuo gani kisicho na mabweni wala kengele. Nilichokiona ni vijitabu alivyokuja navyo kwa basi kutoka Songea, taa ya chemli, na kisogo chake.

Kisogo kile nilikichukia. Tukishakula tu, anageukia meza. Nikimwita, jibu lilikuwa moja: "Subiri mwanangu, namalizia ukurasa huu." Kurasa zake hazikuisha.

Nilikuwa na miaka tisa nilipochota rundo la karatasi chini ya kitanda chake nikampelekea bibi muuza karanga pale stendi. Alikuwa akizitafuta za kufungia. Akanipa karanga, nikala zote njiani.

Lilikuwa zoezi lake, limeandikwa kwa mkono, likisubiri safari ya Songea. Alilitafuta siku mbili, nami nikajifanya kumsaidia kutafuta. Muda wa kukusanya ukapita. Somo lile alilirudia mwaka uliofuata.

Leo naishi Mwanza na nasoma shahada ya uzamili kwa njia hiyohiyo ya masafa. Vijitabu vimo ndani ya kompyuta, na zoezi napakia kwenye Moodle nikiwa nimevaa kanga. Hakuna tena kusubiri basi. Lakini kiti changu kinatazama ukutani, na binti yangu wa miaka sita anaona kisogo.

Mwezi uliopita, nusu saa kabla ya muda kufungwa, alinyoosha kidole akazima kompyuta. Nilikuwa sijahifadhi kurasa nne. Nilimfokea mpaka akatetemeka.

"Nilitaka uniangalie," alisema.

Usiku ule nilimpigia mama. Baada ya miaka zaidi ya ishirini, nikamwambia habari ya karatasi. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka.

"Wiki ileile nilinunua karanga stendi. Nilipofungua, nikakuta mwandiko wangu."

"Mbona hukunichapa, mama?"

"Nilishika fimbo. Halafu nikajiuliza, huyu mtoto mara ya mwisho nimekaa naye lini? Nikairudisha fimbo mahali pake."

"Na shahada?"

"Si niliipata? Ilichelewa tu. Mjukuu wangu yuko wapi sasa?"

Alikuwa amelala na nguo zake za mchana, machozi yamemkaukia shavuni. Nilimbadilisha taratibu, nikalala kando yake. Zoezi nilituma kesho yake, likakatwa alama za kuchelewa.

Jumamosi tuliigeuza meza, mimi nikishika huku na yeye kule. Sasa kiti kinatazama mlangoni. Bado namwambia asubiri, lakini namwambia nikimwangalia.