Ukienda Loiyangalani, lipe gurudumu la akiba kiti chake

MAWE meusi ndiyo humpokea msafiri anayetoka South Horr kuteremka Ziwa Turkana. Si kokoto kama zile tunazozijua huku Nairobi. Ni mawe ya volkano, makali kama vigae vya chungu kilichovunjika, nayo yametapakaa kote jicho linakofika.

Hapo ndipo gari hupimwa. Injini yaweza kuwa nzima na dereva akawa hodari, lakini tairi likipasuka na la akiba lisifae, safari imekwama. Magari mengine hupita kwa nadra, kivuli ni cha kutafuta, nalo jua halina huruma.

Ndiposa, ndugu msomaji, kabla hujaipakia familia yako garini kwenda kujionea ziwa hilo, yafaa uzunguke nyuma ya gari na kulitazama lile gurudumu lililoning'inia mlangoni. Wengi hulipita kila siku bila kulijali.

Kutoka Nairobi hadi Loiyangalani ni safari ya zaidi ya kilomita 500 kupitia Nyahururu, Rumuruti na Maralal. Siku hizi lami humfikisha msafiri Maralal, mji ambako Mzee Jomo Kenyatta aliwekwa mwaka 1961 kabla ya kuachiliwa huru. Nyumba aliyokaa ingali pale, na wanafunzi wa historia hawatajuta kuizuru.

Baada ya Maralal barabara hubadili tabia. Huwa vumbi, huwa mawe, huwa makorongo yanayojaa maji ghafla mvua inyeshapo milimani. Utapita Baragoi, mji mdogo wa Wasamburu na Waturkana, kisha uingie South Horr, bonde lenye miti ya kivuli chini ya Mlima Nyiru. Ni busara kuulizia hali ya usalama kwa polisi wa Maralal kabla ya kuendelea.

Ipo njia nyingine, ile ya kukata kutoka Laisamis katika barabara kuu ya Isiolo hadi Moyale. Hiyo iliboreshwa ili ipitishe mitambo ya mradi wa umeme wa upepo, na wengi huipendelea. Hata hivyo, ziwa lenyewe limezungukwa na mawe, na kila anayelifikia lazima ayakanyage.

Familia njiani

Nilipokwenda huko nilipanda lori la bidhaa. Saa nane mchana, tukiwa tumeiacha South Horr nyuma, tulikuta gari aina ya Prado limesimama kando ya njia. Baba, mama na watoto watatu walikuwa wamejibanza kwenye kivuli chembamba cha gari lao.

Tairi la mbele lilikuwa limepasuliwa ubavu na jiwe. Gurudumu la akiba walikuwa nalo, tena kubwa na jipya. Tatizo lilikuwa mlango lililofungwa. Kutoka Maralal lilikuwa likirukaruka na kuuvuta, hata bawaba zikapinda, mlango ukalala upande na kufuli ikakwama. Haukufunguka, wala haukuwa umefunga sawasawa. Vumbi lilikuwa limeingia hadi ndani ya mkate wa watoto.

Nayo jeki ilikuwa wapi? Nyuma ya mlango huo huo, chini ya mizigo!

Utingo wa lori letu aliingia kupitia viti vya katikati, akatoa begi moja baada ya jingine hadi akaifikia jeki. Kazi ambayo huchukua nusu saa ilichukua karibu saa mbili. Maji ya kunywa ya familia ile yalikuwa yamebaki chupa moja.

"Mzee," utingo alimwambia mwenye gari huku akipangusa mikono, "gurudumu hili ni zito kama mtu. Hata makanga wa matatu hawezi kuning'inia mlangoni kutoka Nairobi hadi Loiyangalani."

Tulicheka, naye mwenye gari akacheka pia. Lakini maneno ya kijana yule yalikuwa na hekima ndani yake.

Hesabu za tairi

Kwa nini watu hubadilisha matairi yaliyokuja na gari na kuweka makubwa zaidi? Sababu ni kwamba tairi kubwa huliinua gari juu ya mawe na hukanyaga mchanga kwa upana zaidi. Kwa barabara za kaskazini, faida hiyo ni ya kweli.

Mwanafunzi anaweza kujifanyia hesabu mwenyewe. Prado nyingi huja na tairi lililoandikwa 265/65R17. Nambari ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili inasema kimo cha ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo. Ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijumlisha ubavu wa juu, ubavu wa chini na rimu, tairi zima lina kimo cha milimita 776 hivi.

Sasa weka tairi la 285/70R17. Hesabu ile ile itakupa milimita 831 hivi. Tairi limekua kwa sentimita tano na nusu, na gari likisema linakwenda kilomita 100 kwa saa, kwa kweli linakaribia 107.

Ukishabadilisha manne, la tano halina budi kuwa sawa nayo. Ukifunga dogo upande mmoja na kubwa upande wa pili, magurudumu hayo huzunguka kwa kasi tofauti, na meno ya difu hulazimika kufanya kazi ambayo hayakuundiwa, hasa katika gari linalosukumwa na magurudumu yote manne. Kwa hivyo gurudumu la akiba nalo huwa kubwa, na hapo ndipo mlango wa nyuma unapoanza kulia.

Gurudumu la aina hiyo pamoja na rimu yake huwa na uzito wa karibu kilo 40. Hiyo ni sawa na mitungi miwili ya lita 20 iliyojaa maji. Tena mitungi hiyo haikai juu ya sakafu, bali imening'inia nje ya mlango.

Anayetaka kuelewa maana yake na ashike mtungi wa lita tano, aubane kifuani. Ni mwepesi. Kisha anyooshe mkono na kuushikilia mbali na mwili. Uzito haujaongezeka hata kidogo, lakini bega litasema vingine. Tairi pana huusogeza uzito mbali zaidi na mlango, na bawaba ndizo bega lenyewe. Gari likitumbukia shimoni na kuibuka, mvuto huo huongezeka mara kadhaa kwa ghafla. Hutokea hivyo maelfu ya mara kabla ya kuliona ziwa.

Kwa fundi

Niliporudi Nairobi nilimtembelea fundi mmoja wa kuchomelea katika Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wangali wanaiita Grogan. Siku hiyo alikuwa akishughulikia gari lenye shida kama ile niliyoiona.

"Fundi, si uongeze tu kipande cha chuma mlangoni?" mteja alimwuliza.

"Naweza, mkubwa," fundi alijibu. "Lakini nikiutia nguvu mlango, uzito utahamia kwenye bawaba. Nikitia nguvu bawaba, utahamia kwenye nguzo ya bodi. Mwisho wake lazima tuufikishe kwenye chesi."

Kwa mujibu wa fundi huyo, bamba la kuutandaza uzito ndani ya mlango hufaa kwa gurudumu lililozidi kidogo tu lile la awali na kwa safari za lami. Kwa anayekwenda mbali, dawa ni mkono wa chuma unaojitegemea.

Mkono huo huanzia kwenye bampa nzito iliyofungwa kwa bolti kwenye chesi yenyewe. Upande mmoja wa bampa husimamishwa mhimili mnene wenye beringi na grisi, na mkono huzunguka hapo kama lango la boma. Upande wa pili hufungwa kwa komeo lenye nguvu. Gurudumu hukaa juu ya mkono, mlango ukabaki mwepesi kama ulivyotoka kiwandani.

Yapo mambo manne ambayo mteja anapaswa kuyasisitiza. Kwanza, mkono ukifungwa ukalie kiegemeo, ili uzito usibebwe na mhimili peke yake. Pili, pawe na mpira wa kulibana gurudumu lisitikisike, maana kutikisika ndiko kunakovunja chuma. Tatu, pawe na pini ya kuuzuia mkono ukiwa wazi. Nne, gurudumu lisiifiche nambari ya gari, taa za breki wala kioo cha nyuma. Likizifunika, nambari na taa hizo zihamishwe mahali zitakapoonekana, maana sheria inataka hivyo na anayekufuata usiku anakutegemea.

Ubaya wa mkono huo ni kwamba una gharama, na wenyewe ni mzito. Isitoshe, kila unapotaka kutoa kitu nyuma unafungua mara mbili, mkono kwanza kisha mlango.

Juu, chini au ndani?

Pengine utauliza: kwani lazima gurudumu likae nyuma?

Land Rover za zamani zililibeba juu ya boneti. Lilikaa salama, ila kila aliyetaka kuangalia mafuta ya injini alilazimika kuliinua pamoja na boneti.

Magari mengi hulificha chini ya tumbo. Katika lami hakuna ubaya. Lakini gurudumu lililokuzwa mara nyingi halienei pale, na hata likienea huning'inia karibu na mawe. Gari likizama mchangani, kama inavyotokea katika jangwa la Chalbi, utachimba kwanza ndipo ulipate.

Juu ya paa pana nafasi. Hata hivyo, kilo 40 zikiwa juu hulifanya gari kuyumba konani. Je, nani atakayeziteremsha baba akiwa mgonjwa na mama yuko peke yake na watoto?

Ndani ya gari gurudumu huwa salama dhidi ya jua na wezi, mradi limefungwa kwa mikanda imara. Lisipofungwa, gari likisimama ghafla litaruka mbele kuwafuata waliokaa. Kwa familia ndogo yenye gari kubwa, njia hii isidharauliwe.

Kabla ya kuondoka

Wahenga walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Wiki moja kabla ya safari, lishike gurudumu kwa mikono miwili na ulitikise kwa nguvu. Likicheza peke yake, nati zimelegea. Likicheza pamoja na mlango, bawaba zimechoka. Tazama rangi kando ya bawaba. Ufa mdogo kwenye rangi aghalabu ni dalili ya ufa kwenye bati. Na ukiona mstari wa vumbi ndani ya mlango, jua kwamba haufungi tena vizuri.

Pima upepo wa gurudumu hilo kama unavyopima mengine. Soma pia tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wake, zile zinazofuata herufi DOT. 2319 maana yake liliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaloanikwa juani miaka mingi hupasuka mipasuko midogo, hata kama halijawahi kugusa barabara. Kifuniko cha turubai husaidia.

Ukiwa njiani, kaza nati tena Rumuruti, kisha Maralal, kisha Baragoi. Jeki na spana visikae chini ya mizigo wala mahali panapofikiwa kwa mlango wa nyuma pekee. Na kabla ya kuondoka, kila aliye na nguvu za kutosha garini ajaribu kulishusha gurudumu hilo na kulirudisha. Afadhali kujifunza uani nyumbani kuliko juu ya mawe ya volkano.

Upepo wa ziwa

Hatimaye njia hupinda, na ziwa hujitokeza chini, kijani kibichi katikati ya weusi wa mawe. Mzungu Teleki na mwenzake von Höhnel walilifikia mwaka 1888 wakaliita Rudolf. Tangu mwaka 1975 linaitwa Turkana. Loiyangalani yenyewe ina chemchemi na mikoma, na jina lake kwa Kisamburu ni mahali penye miti mingi. Kando ya maji wanaishi Waelmolo, jamii ndogo ya wavuvi.

Hapo pia utakutana na upepo. Hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zetu, ukatoka kwa kishindo. Ndio unaozungusha mitambo 365 ya ule mradi wa umeme, wenye uwezo wa megawati 310, uliozinduliwa rasmi mwaka 2019. Upepo unaoweza kazi hiyo hauwezi kushindwa kuubamiza mlango uliofunguliwa.

Mlango wenye kilo 40 mgongoni ukibamizwa na upepo huo juu ya vidole vya mtoto, hakuna hospitali kubwa ya karibu. Kwa hivyo, ukifika liegeshe gari likiuelekeza upepo uso wake, tia pini kabla ya kutoa mizigo, na uwaagize watoto wakae upande wa mbele.

Kisha nenda nao ziwani bila wasiwasi. Safari ya kurudi ina mawe yale yale, na gurudumu lililokaa vizuri litawangoja.