Udi wa Bibi, Chumba cha Hosteli

Ndugu zangu, mwenye jamaa Maskati anajua: huendi uwanja wa ndege bila kusukumiziwa kifurushi cha udi. Hapo ndipo taabu inapoanza. Wengi wetu tumekulia ndani ya moshi wake, lakini kuuchagua na kuutunza hatukufundishwa. Hiyo ilikuwa kazi ya bibi.

Bibi yangu alizaliwa Unguja, miaka yake ya mwisho akaishi Ghubra, na alipofariki mabati yake ya udi yaligawiwa kama dhahabu. Fungu langu lilikuwa vipande tisa. Posho ya mwanafunzi hainunui vingine kama hivyo, na hata pesa zingekuwepo, pua iliyovichagua haipo tena. Ikabidi shangazi anichukue Matrah kunisomesha. "Zamu yako sasa, mwanangu," akasema, "mimi macho yashapunguka."

Udi wa kweli watoka kwenye mti uitwao akwilaria, wa India na Asia ya Kusini-Mashariki. Mti mzima, mbao yake nyeupe, nyepesi, wala hainukii. Ukijeruhiwa na kuvu kuingia, hujikinga kwa utomvu mweusi, na utomvu huo ndio tunaoulipia. Kwa hiyo kipande cha asili kina michirizi isiyolingana, huku cheusi, huku chepesi bado. Kikiwa cheusi pande zote na kung'aa kama kiatu cha sare, kifute kwa karatasi nyeupe. Rangi ikibaki, muage muuzaji kwa adabu. Na kama kingali baridi kimeshanukia duka zima, kimeogeshwa manukato.

Shangazi halipi mpaka achomewe kijipande. Utomvu wa kweli huchemka na kutoa povu dogo juu ya kaa, na harufu yake hugeuka kila baada ya muda; wa kughushi huanza vizuri, halafu unakukwaruza koo. Hii habari ya kutumbukiza kwenye maji, eti kikizama ndicho safi, yeye huicheka, maana wapo wanaopachika madini ya risasi ndani. Anayeanza, ushauri wake ni mmoja: nunua tola moja tu, yaani karibu gramu 12, ya daraja la kati. Usianze na cha bei ya juu kabla pua haijajua tofauti.

Kuweka si kazi ngumu. Ghubra iko ufukweni, na wakati wa joto hewa yake ni maji matupu, ndiyo maana mabati ya bibi yalikaa ndani kabisa ya kabati. Adui wa udi ni jua, joto, unyevu na harufu za jirani. Tia kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, weka gizani, mbali na sabuni. Ubani wa Dhofar upe chupa yake, kwani unanukia kama ndimu na utauambukiza udi. Ule wa kupikwa kwa sukari nao peke yake, unavuta maji.

Safarini kuwa na hadhari. Tangu 2005 aina zote za akwilaria zimo kwenye mkataba wa CITES. Kwa kawaida msafiri husamehewa vipande vya matumizi yake visivyozidi kilo moja, ila kila nchi ina masharti yake, kwa hiyo uliza kabla ya kufunga sanduku.

Na tafadhalini, makaa hosteli hapana! Si king'ora cha moshi tu: kaa likiwaka chumba kimefungwa hutoa hewa ya sumu isiyonuka, nayo huua. Tumieni chetezo kidogo cha umeme, moto wa chini, dirisha wazi. Joto dogo ndilo linaloutoa utamu wa udi hata hivyo. Kaa kali huunguza mbao.

Mimi nachoma Idi tu, kijipande cha upana wa ukucha. Shangazi akipiga simu, baada ya salamu huuliza vimebaki vingapi. Sita na nusu.