Chimbuko la Mto wa Mama

Kila alfajiri, katika mtaa wa Korogocho, mama mmoja huteremka na ndoo hadi ukingoni mwa Mto Nairobi kuteka maji ya kunyunyizia sukumawiki zake. Maji hayo ni meusi ti. Ng'ambo kuna jaa la Dandora, lililofunguliwa mwaka 1975 na kutangazwa mwaka 2001 kuwa limejaa. Magari ya taka hayakukoma. Mboga hizo ndizo zilizomsomesha mwanawe hadi akaingia chuo kikuu kusomea Kiswahili.

Siku moja kijana huyo aliabiri matatu hadi Kikuyu, kaunti ya Kiambu, akajionee chimbuko la mto ule. Alikuta kinamasi cha Ondiri, chenye takriban hekta 30. Nyasi zimefumana juu ya maji, na mtu akizikanyaga, ardhi hunesanesa kama godoro. Chini yake mimea iliyokufa imerundikana karne ayami bila kuoza kabisa, maana majini hewa haipenyi. Hiyo ndiyo mboji, ingawa mkulima huita hivyo hata takataka za shambani zilizooza. Mboji hii hufyonza maji ya masika, ikayaachilia polepole wakati wa kiangazi. Ikikauka, hewa huingia, nayo huoza na kuachilia angani kaboni iliyoihifadhi.

Ondiri imeonja madhila: mikaratusi ikiyanywa maji yake, pampu zikiyavuta kwenda mashambani, majitaka yakiingia. Wakazi waliamua kuiuguza. Mikaratusi ikakatwa, mianzi na miti ya kiasili ikapandwa kandokando. Kazi hii haina haraka, kwani mboji hujijenga polepole mno.

Jioni alimsimulia mamake.

"Kumbe mto huu una maji yake?" mama akashangaa. "Siku zote nilidhani ni ya vyoo vya watu tu."

"Unayo, Mama. Ila ni machache."

Vijana wa Eastlands wameopoa plastiki mtoni kwa mikono yao, na wanastahili heko. Lakini Ondiri ikikauka, watakuwa wakisafisha mfereji wa majitaka, si mto.

"Na hiyo mianzi," mama akauliza, "yaweza kuota hapa?"

Kijana hakujua. Mama alitwaa ndoo akateremka; sukumawiki zilikuwa zimeanza kunyauka.