Banda la Muziki na Uwanja wa Watu

Banda la muziki ni jengo lenye paa lisilo na kuta. Husimamishwa katika bustani ya umma juu ya sakafu iliyoinuliwa, ili wapigaji waonekane na sauti yao ienee pande zote. Majengo ya unyenyekevu kama hili ni machache: halina mlango wa kufungwa, wala chumba cha siri. Lakini unyenyekevu wa jengo si dhamana ya unyenyekevu wa mjenzi. Banda laweza kuwa zawadi kwa watu. Laweza pia kuwa alama ya kuwakumbusha ni nani awatawalaye. Mwenye kuchora banda jipya hana budi kuijua tofauti hiyo kabla ya kushika kalamu.

Ushahidi uko Unguja. Bustani ya Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe, ilitengenezwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub, na ndani yake limo banda la bendi. Ilikuwa bustani ya heshima ya mfalme. Ufalme uliondoka mwaka 1964, bustani ikabaki; ikakarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009. Jioni hujaa wauza samaki, wageni na wenyeji, na watoto hujitupa baharini kutoka ukutani. Umma umekirithi kilichojengwa kwa sifa ya mtu mmoja.

Lakini watu hawakungoja urithi ili wapate muziki. Tangu miaka ya 1890 vijana wa Lamu na Mombasa waliyatwaa matarumbeta na gwaride la wageni wakaunda ngoma ya beni, ambayo baadaye ilienea Tanganyika chini ya vyama vya Marini na Arinoti. Hakuna aliyewajengea paa. Barabara ilikuwa banda lao, na watazamaji walikuwa kuta zake. Hapa pana fundisho kwa mchoraji: mkusanyiko hutangulia, jengo hufuata.

Na afikiriwe sasa mchoraji apewaye kazi ya kubuni banda kwa bustani ya umma ya Gendabi, katika nchi ya Hanang, mkoani Manyara. Atadhani amekuta ardhi tupu isiyo na sanaa. Hilo litakuwa kosa kubwa. Wabarabaig wa nchi hiyo humjengea mzee mwenye heshima kilima cha kaburi kiitwacho bung'ed, kinachoinuliwa hatua kwa hatua kwa muda wa miezi, kwa mikono ya wengi, mpaka siku ya kilele chake. Hiyo ni sanaa ya umma kwa maana kamili: haina mmiliki mmoja, na kuijenga ndiko kuikumbuka. Katika miaka ya 1970 na 1980, mashamba makubwa ya ngano ya serikali, yaliyosaidiwa na Kanada, yalienea katika uwanda wa Basotu, na Wabarabaig walilalamika kuwa makaburi ya wazee wao yamelimwa kwa matrekta. Aliyeona nyasi tupu hakuuliza. Mchoraji asirudie jambo hilo. Kazi yake ya kwanza ni kuwauliza wazee ni wapi pasipojengwa.

Kazi ya pili ni kuuliza maji yapita wapi. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakaangukia mji wa Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi kikiwa kimojawapo. Watu zaidi ya 80 walikufa. Banda litakalojengwa chini ya mlima huo haliwezi kujifanya kuwa halijui habari hiyo.

Francis Kéré wa Burkina Faso, alipojenga banda la msimu katika bustani ya Kensington mjini London mwaka 2017, alilifanya mfano wa mti wa kukutania wa kijiji chake. Mvua iliponyesha, maji yalikusanywa na paa yakaanguka katikati, mbele ya macho ya wote. Gendabi haina haja ya kuliiga paa lile, bali wazo lake lafaa: maji yasifichwe. Mfereji wa wazi uyachukue kutoka paani na kuyapeleka mahali pa salama, ili mtoto achezaye hapo ajifunze njia ya maji kabla ya kujifunza hofu yake. Dari ya mbao iwekwe chini ya mabati, kwa kuwa mabati matupu yakipigwa na mvua humeza wimbo, na mbao huurudisha kwa wasikilizaji. Sakafu iwe ya chini, ya kupandwa kwa hatua moja, ili mchezaji atoke uwanjani aingie, na mwimbaji atoke aende kwa wenziwe.

Banda la namna hiyo halitahitaji sanamu wala jina la mkubwa ukutani, maana ukuta hautakuwapo. Jengo lililochorwa na mgeni peke yake hulindwa na askari. Lililoinuliwa kwa mikono ya wenyeji hulindwa na kumbukumbu.