Kutoka Mabogini hadi Himeji, kwa Njia ya Mpunga

Aliyekulia Mabogini, Moshi, haiangalii Japani kwa macho ya mtalii. Mifereji yetu ya zege, inayoteka maji ya Njoro na Rau, ilichorwa na wahandisi wa Kijapani. Mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini ulikamilika mwaka 1987, eneo lake likiwa hekta zipatazo 2,300, na kati ya hizo 1,100 zilipangiwa mpunga. Jina JICA, shirika la misaada la Japani, tulilisikia tukiwa bado tunaamia ndege mashambani. Kwa hiyo nilipotua Japani mwezi wa Juni, peke yangu, begi mgongoni, kilichonivuta dirishani mwa treni hakikuwa magorofa ya Tokyo. Ni majaruba. Jaruba nyuma ya kituo cha mafuta, jaruba kati ya nyumba mbili, jaruba dogo kuliko uwanja wa shule, na yote yamejaa maji hadi ukingoni. Mzee mmoja alikuwa ameketi juu ya mashine inayopandikiza mistari kadhaa kwa mpigo. Kwetu kazi hiyo ni ya migongo ya akina mama, kamba yenye alama imenyooshwa shambani, na mtu wa kupiga soga.

Shinkansen, treni ya mwendo kasi, ilianza mwaka 1964, na kati ya Tokyo na Osaka sasa inafika kilomita 285 kwa saa. Nilipanda mara moja kwa ajili ya heshima. Mwenye nia ya kuandika kitu katika daftari atafute treni za kawaida, tena mfukoni ni nafuu: tiketi ya wageni ya siku saba ilipanda Oktoba 2023 kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Katika treni ndogo za mashambani unaweza kusimama nyuma ya kioo cha dereva. Dereva amevaa glavu nyeupe. Kila akiona taa ya njiani anainyoshea kidole na kuisema kwa sauti, ingawa hana msaidizi wa kumjibu. Amefundishwa hivyo, ili jicho, mkono na mdomo vithibitishe kitu kimoja.

Abiria wenyewe wako kimya. Ukitoka Dar es Salaam kwa treni iliyorejea Moshi Desemba 2019, baada ya zaidi ya miaka ishirini ya reli kulala, unafika Same asubuhi ukiwa umeshajua jirani yako ni wa ukoo gani na mwanawe anasoma wapi. Huku Japani nilikaa bega kwa bega na mama mmoja kwa saa nzima, na neno pekee tulilopeana ni samahani. Treni, hata hivyo, ilifika kwa dakika iliyoandikwa. Yetu sitaisema.

Kwenye vituo wanauza chakula cha safari ndani ya kisanduku, na wali wake ni wa baridi. Kwetu huo ni kiporo, na mgeni hapewi. Punje zao fupi zimeshikana kiasi kwamba vijiti vinainua donge zima. Samaki na kachumbari yake nilivisifu kwa dhati. Wali niliula kwa adabu.

Nilitaka pia kuona ngome. Osaka nilipita tu. Ngome yake ya sasa ni ya zege, ya mwaka 1931, na ina lifti ndani. Himeji ndiyo ngome. Bwana wa eneo hilo, Ikeda Terumasa, alimaliza mnara wake mkuu mwaka 1609. Umepakwa chokaa nyeupe, na mwaka 1945 ulibaki umesimama huku mji ukiungua kwa mabomu pande zote. Unavua viatu mlangoni, unavibeba katika mfuko wa plastiki, unapanda ngazi za mbao zilizosimama karibu wima hadi goti linalalamika. Kutani kuna matundu ya bunduki na mishale: duara, pembetatu, mstatili. Kileleni kabisa, mahali nilipotarajia mizinga, kuna hekalu dogo.

Jambo lililonishika zaidi liko chini, ukutani, nalo wengi wanalipita. Ni nusu ya jiwe la kusagia, limefunikwa kwa wavu wa chuma. Wanasimulia kwamba mtawala wa kabla ya Ikeda, Hideyoshi, alipungukiwa mawe, na bibi kizee maskini akatoa jiwe lake la kusagia. Hadithi inasimuliwa kama sifa kwa bibi. Mimi nilijiuliza alisagia nini kesho yake.

Utajiri wa mabwana hao ulihesabiwa kwa mchele. Kipimo chao, koku, ni lita 180 hivi, karibu debe kumi zetu, kikikadiriwa kuwa chakula cha mtu mzima kwa mwaka. Ardhi ya Ikeda ilikadiriwa koku 520,000. Ndipo nikaelewa kwa nini Uchagani hakuna Himeji, ingawa mawe tunayo na vita tulikuwa navyo. Mchele unakaa ghalani miaka. Ndizi inaiva, wiki haiishi imeoza. Ulezi unakaa, lakini tunaujua unakoishia: kwenye mbege, pombe yetu. Mangi, mtawala wa Kichagga, alihesabu ng'ombe na pembe za ndovu, mali inayotembea au inayouzwa haraka kwa misafara ya pwani.

Ngome tulijenga, hata hivyo. Mangi Horombo alijenga za mawe Keni, Rombo. Mangi Sina wa Kibosho alikuwa na boma la mawe, na mwaka 1891 Mjerumani Wissmann alilivamia kwa askari na mizinga. Himeji haikuvamiwa hivyo hata siku moja, na huenda ndiyo sababu bado inang'aa. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala Horombo, mita 3,720, bila kuambiwa jina hilo ni la nani. Pale Himeji hata jiwe la bibi lina maelezo yake.

Kyoto nilikwenda Fushimi Inari kwa sababu moja: Inari ni mungu wa mpunga. Siku hizi amekuwa pia wa biashara, na yale malango mekundu maelfu yanayopanda kilima yamechangwa na makampuni na wafanyabiashara, majina yao yakiwa nyuma ya nguzo. Ukipanda unayaona mekundu matupu. Ukigeuka kushuka ndipo unasoma walioyalipia. Mbweha wa mawe wamebana vitu mdomoni, mmoja shuke la mpunga, mwingine ufunguo wa ghala.

Fuji sikuiona, mawingu ya Juni hayakuruhusu. Mtu wa Moshi haoni ajabu, Kibo nayo hujifunika mchana kutwa. Nilichopata ni Fujinomiya, mji ulio chini ya mlima, wenye hekalu la Sengen linalomiliki Fuji kuanzia kituo cha nane hadi kileleni. Ubavuni mwa hekalu kuna bwawa la chemchemi, maji ya mlima yaliyopita chini ya miamba na kutokea hapo meupe, yakiwa baridi ya kuuma vidole. Mahujaji wa zamani walijisafisha humo kabla ya kupanda.

Hiyo ni Njoro tupu. Chemchemi zile zile za mlima, kivuli kile kile cha miti, na maji hayo ndiyo yanayojaza majaruba ya Mabogini. Tofauti ni kwamba kwetu wakulima wa juu ya mfereji walipoona mpunga unalipa, nao walifungua mashamba nje ya mpango, mfereji ukapungua, na zamu za maji zikawa za usiku wa manane, mtu na tochi na jembe akilinda lango. Wazee wa mlimani walijua kugawana maji kwenye mifongo, mifereji yao ya jadi: asiyetokea kuifukua hakupata maji. Sisemi tujenge hekalu Njoro. Orodha moja ya zamu ingetosha, ibandikwe pale chanzoni, na wa juu waandikwe humo pamoja na sisi wa chini.