Nani Anapepea Pangani

Mwaka 1997 nilikuwa mwalimu msaidizi wa chekechea Pangani, karibu na pale mto unapoingia baharini. Darasa lilikuwa banda la makuti lenye sakafu ya saruji, minazi imelizunguka pande zote.

Vuli ya mwaka ule ilikuja na El Niño. Mvua tuliyozoea ikatike Desemba ilivuka mwaka, barabara zikawa tope tupu, na siku nyingi wazazi waliwazuia watoto nyumbani. Wakifika, hawakutaka kuhesabu vijiti. Walitaka kuongea habari za mvua. Mmoja aliniambia kwamba imepotea njia ya kwao.

Lakini lililowashughulisha zaidi lilikuwa upepo. Asubuhi moja ya shwari tuliwatengenezea vititia vya ukuti, wakakimbia navyo uani, vikazunguka. Nikauliza upepo umetoka wapi.

"Kwenye minazi," akajibu mvulana wa miaka mitano.

Nikamwonyesha minazi. Hapakuwa na ukuti uliotikisika.

"Imelala, mwalimu. Ndiyo maana nakimbia mimi."

Alinieleza kwa subira. Bibi yake hupepea jiko la mkaa kwa kipepeo cha ukindu. Mkono ukienda upepo hutoka, ukisimama moto hufifia. Mnazi una makuti mengi, tena makubwa kuliko kipepeo chochote. Basi ukiyatikisa? Mtoto yule hakuwa amebahatisha. Alikuwa ametazama kwa makini, akaunganisha alichokiona jikoni na alichokiona uani, na mpaka leo naiheshimu hoja ile kuliko majibu mengi ya kukariri niliyoyasikia darasani.

Baadaye, chuoni, nilikutana na vitabu vya miaka ya 1920 vya Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyechunguza fikra za watoto. Uswisi hakuna minazi, lakini watoto aliowahoji nao walimwambia kuwa miti ndiyo inayotoa upepo. Nilisoma ukurasa ule mara mbili kwa furaha.

Aliyempinga mvulana wetu hakuwa mimi. Alikuwa binti wa mvuvi, mdogo kuliko yeye. "Baharini hakuna minazi," alisema, "mbona ngalawa ya baba inakwenda?"

Banda zima likanyamaza. Mvulana akaenda nyumbani bila neno. Kesho yake, hata shikamoo hajaimaliza, akasema: "Mawimbi, mwalimu. Kule yanapepea mawimbi."