Tumuage Bobi angali hai

Wiki hii ninawaandikia juu ya mbwa. Najua kuna watakaogeuza karatasi waende kwenye habari za likelemba na bei ya unga, na siwalaumu. Lakini nyumba nyingi hapa Goma zina mbwa, mbwa huyo atazeeka mbele ya macho yetu, na sijasikia hata siku moja tukiketi kuzungumza namna ya kumaliza naye. Kwa kawaida jambo hilo linamalizwa usiku. Mbwa akishindwa kusimama, kijana wa avenyu anapewa pesa kidogo na mfuko, na asubuhi watoto wanaambiwa mbwa amepotea. Au anatupiwa nyama yenye sumu. Mama anafagia mahali alipokuwa analala, basi.

Kwetu hatutaki yaishe hivyo. Bobi alikuja nyumbani akiwa mdogo wa kubebwa ndani ya kikapu cha sambaza, mwaka uleule mtoto wetu wa kwanza alipoanza shule ya msingi. Sasa ana miaka 13. Tangu mwanzo wa mwaka anakunywa maji mengi kuliko zamani, anakojoa popote, amekonda mpaka mbavu zinahesabika, na kinywa chake kinatoa harufu kali. Miguu ya nyuma haimtii tena. Veterineri aliyekuja kumwona alisema dalili hizo zote zinaelekea kwenye figo, na kwamba figo za mbwa mzee zikishachoka namna hiyo hazirudi. Kuna njia za kumpunguzia taabu. Ya kumponya hakuna.

Si mbwa wa ajabu. Ana rangi ya udongo, sikio moja limeinama, na hajawahi kula kitu kizuri kuliko bugali na vichwa vya sambaza. Lakini mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22, na siku tano baadaye tukaambiwa alfajiri kwamba kartie 10 za mji zihame, tulitoka na umati kuelekea Sake, zaidi ya kilomita 20 kwa miguu, godoro kichwani na mtoto mgongoni. Hakuna aliyemfunga Bobi kamba, hakuna aliyemwita. Na nani angekuwa na akili ya kumwita mbwa siku ile? Alitufuata mwenyewe. Kule tulikolala alijilaza mlangoni, na watoto wakapata usingizi. Mpaka leo wanaikumbuka safari ile kwa ajili yake kuliko kwa ajili ya njaa.

Katika mkutano wetu mama mmoja aliniambia waziwazi: «Watu walilala ndani ya mahema pale Bulengo, na wewe unalilia mbwa?» Alisema kweli, sikubishana naye. Ila nilipokwenda Bulengo kupeleka nguo niliwaona mbwa wamelala mbele ya mahema. Watu waliokimbia Masisi bila sufuria walikuja nao. Mwingine alisema kumsikitikia mbwa ni mambo ya wazungu. Hilo nalikataa kabisa. Wawindaji wa msituni, hapa hapa Kongo, walikuwa wanachonga kengele ya mti na kumfunga mbwa wao shingoni, kwa sababu mbwa wa kule habweki kama hawa wetu, na hawakutaka kumpoteza kwenye majani marefu. Wazungu ndio waliowachukua mbwa hao wakawapeleka kwao, na mpaka leo wanawaita basenji. Mtu anayekaa chini kuchonga kengele kwa ajili ya mbwa hakungoja kufundishwa kumjali.

Lakini lililonisukuma mimi ni mama mkwe. Anaishi nasi, watoto wanamwita koko, amepita miaka 80 na magoti yake hayana nguvu. Jioni moja baba ya watoto alisema, bila ubaya wowote, kwamba Bobi hafai tena kwa ulinzi, hasikii hata mtu akigonga, afadhali vijana wamchukue. Koko alikuwa anachambua maharagi. Akasema: «Na mimi siku hizi siwasikii wezi.» Hakuongeza neno, akaendelea na maharagi yake. Watoto watatu walikuwa wameketi pale wanasikia. Tangu jioni ile habari ya mfuko haikutajwa tena kwetu.

Basi tulianza kujitayarisha, na ninawaeleza tulivyofanya, kwa sababu wengine mtafika hapo.

Kwanza tulitaka kujua Bobi anaumia kiasi gani, maana mbwa hasemi. Veterineri alitushauri tuhesabu siku. Tulichukua kalenda ya ukutani, na kila jioni binti yetu wa pili anachora duara ikiwa siku ilikuwa njema, msalaba ikiwa ilikuwa mbaya. Siku njema ni ile Bobi amekula, ameinuka hata mara moja kwenda kukojoa, ametikisa mkia mtu akirudi nyumbani. Siku mbaya ni ile amegeukia ukuta, anahema haraka ingawa hajatembea, amejichafua na kubaki palepale. Mwezi wa kwanza maduara yalikuwa mengi. Mwezi wa pili yalikaribia kulingana. Mwezi huu, mtu akiitazama ile kalenda haitaji maelezo. Ninaona njia hiyo ni nzuri kwa sababu inawaondolea watu wazima kazi ya kuamua kwa hasira au kwa huruma ya siku moja. Watoto nao wameiona kweli polepole, kwa mikono yao wenyewe.

Pili, matunzo. Tulimkatia kipande cha godoro la zamani, na mara kadhaa kwa siku tunamgeuza ubavu ili asipate vidonda. Maji yako karibu na pua yake. Chakula ni kidogo kidogo, laini, chenye uvuguvugu. Majirani wema walituletea vidonge vyao vya maumivu. Hapo naomba mnisikilize: dawa za maumivu za watu, kama ibuprofeni na parasetamoli, zinaweza kumuua mbwa, tena kwa mateso, na mwenye figo mbovu ndiyo zaidi. Usimpe kidonge chochote ambacho veterineri hakukitaja.

Na kuna jambo moja ambalo si uzee. Mbwa akibadilika ghafla, akauma bila sababu, sauti ikabadilika, mate yakamwagika na kumeza kukamshinda, msimkaribie wala kumfungua kinywa kumtazama koo. Huenda ni kichaa cha mbwa. Karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo waliupata kwa mbwa, na dalili zikishaonekana kwa mtu, kupona ni kama hakuna. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji na sabuni dakika 15 kamili, kisha aende kituo cha afya siku ileile kwa ajili ya chanjo, hata kama jeraha ni dogo.

Tatu, namna ya kufa kwenyewe. Sumu tuliikataa. Mbwa anatetemeka na kujinyonganyonga kwa muda mrefu, na nyama iliyobaki inaweza kuokotwa na paka, na mbwa wa jirani, na hata mtoto. Veterineri alitueleza anavyofanya yeye: sindano ya kwanza inampa mbwa usingizi mzito, ya pili inausimamisha moyo wakati hasikii kitu tena. Muulizeni mapema, maana wengine wamezoea ng'ombe na mbuzi tu, na dawa hiyo haipatikani kila siku. Muulize pia waziwazi kama anampa usingizi kwanza. Akisita kujibu, tafuta mwingine. Bei tuliyopatana inakaribia ile ya mfuko wa makala. Si kidogo kwetu, na ndiyo maana tulianza kuweka pembeni mapema, franka kwa franka.

Watoto ndio waliokuwa kazi ngumu. Mimi sikutaka neno «atalala», kwa sababu mtoto akisikia kwamba mbwa alilala na hakuamka, usiku utamkuta macho wazi. Wala «amesafiri», kwa sababu atamngoja mlangoni. Nilisema atakufa. Wa kwanza, ambaye sasa ana ndevu, alitoka nje bila kujibu na akarudi jioni. Binti aliuliza kama sisi ndio tutakaomuua, na nilimjibu kwamba ugonjwa ndio unaomuua, sisi tunamkatia mwisho wa maumivu. Hakukubali siku ile. Alikubali baadaye, alipokuwa amechora misalaba minne mfululizo. Mtoto wetu wa mwisho ana miaka 6, na yeye aliuliza swali nisilolitazamia: «Mama, na mimi walinipiga sindano ya surua. Nitakufa?» Nilimketisha nikamweleza kwamba dawa zina kazi mbalimbali, ile yake ilikuwa ya kumlinda, hii ya Bobi ni nyingine kabisa na watoto hawapewi kamwe. Aliuliza mara tatu kwa siku tatu. Nilijibu mara tatu. Mama mwenye mtoto mdogo ajitayarishe kwa swali hilo kabla ya veterineri kufungua mkoba wake.

Mwisho, kaburi. Wa Bukavu na Uvira mtatucheka, lakini sisi wa Goma tunajua maana ya kuchimba hapa. Parseli yetu iko juu ya mawe ya Nyiragongo ya mwaka 2002, na jembe linaruka kama limepiga chuma. Hata hivyo shimo haliwezi kuwa la kupapasa juu juu. Dawa ile inabaki ndani ya mwili, na mbwa mwingine akifukua na kula anaweza kufa naye. Veterineri alitaka meta moja kwenda chini, mbali na tangi la maji ya mvua. Baba ya watoto hakusema lolote. Aliazima baramini na nyundo kwa fundi wa jirani, na kwa Jumapili tatu yeye na kijana wake walivunja mawe, wakitoa vipande vya kujenga ukuta mdogo. Udongo wa kufunikia hatuna, tumeununua. Kijana wa chukudu ameleta mifuko sita kutoka njia ya Sake, mweusi na mzuri, wa kupandia mboga. Jirani mmoja aliuliza kama tunaanza bustani.

Tumekubaliana Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali. Koko atakuwepo, amesema ataketi kwenye kiti chake karibu na Bobi. Kijana wetu ndiye atakayemshika kichwa. Binti hataki kuona, atakwenda kwa shangazi yake na kurudi wakati wa kufunika, na hakuna aliyemlazimisha vingine. Mdogo bado hajaamua. Jana alimletea Bobi yai zima la kuchemsha, yai ambalo lilikuwa lake, na Bobi alilila lote. Binti akachora duara.

Ule udongo tuliumwaga kando ya shimo, na shimo tumelifunika kwa mbao ili mtu asitumbukie usiku. Tangu juzi Bobi ameacha godoro lake. Anajikokota mpaka kwenye ule udongo, anaukwaruza kidogo kwa miguu ya mbele, anajilaza. Mawe yetu ni baridi na magumu, nadhani ndiyo sababu. Mdogo ameomba tusimfukuze pale, na hatumfukuzi.